Pasi Niachie

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta kati ya wengine, maana wote waliobaki walikuwa na akili zao timamu, hata yule mteja wa suti, ambaye kosa lake lilikuwa kuingia dukani tu.

Duka lenyewe ni la dada yangu mkubwa. Ni dobi. Ni chumba kirefu chembamba, mlangoni kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu, na nyuma ya kaunta nguo zimening'inia safu kwa safu, kila moja imebanwa kwa pini kipande cha kitambaa chenye namba. Ndani mnanuka wanga, sabuni na joto. Dada husimama katikati ya mvuke wake, pasi mkononi, na juu ya rafu kuna televisheni ambayo huitazama kwa masikio, maana macho yako kwenye kola za watu.

Mimi kazi yangu ni kuwatia watu wa mbali Kiswahili mdomoni. Tamthilia zinatufikia studio zikizungumza lugha za kwao, zikiwa na karatasi za Kiingereza pembeni. Natafsiri karatasi, kisha naingia kibandani, navaa visikizio na kusema sehemu za wanaume wenye sauti nzito, ingawa mwili wangu mzima ungeenea kwenye mfuko wa koti la mmoja wao. Wanawake wote, kuanzia bibi harusi hadi mama mkwe mchawi, husemwa na mwenzangu tunayemwita Malkia. Sauti yake inaweza kulia kabla macho hayajapata habari.

Kazi yetu ina mwiko mmoja: mdomo usiende bure. Kama yule wa kwenye kioo cha televisheni bado anachezesha midomo na Kiswahili chako kimekwisha, mtazamaji nyumbani anahisi ametapeliwa. Ndiyo maana Mkuu wa studio, mama mwenye miwani ya kamba na pete nene, hukaa upande wa pili wa dirisha, na mdomo ukienda bure hugonga kioo kwa ile pete. "Mdomo! Mdomo huo! Jazeni!" Hapo unajaza. Unatia "unanielewa lakini", unatia "mume wangu wee", unatia chochote kilicho karibu na ulimi.

Basi tulifika pale mume anapoondoka. Jumba la kifahari, ngazi za marumaru, mke amevaa hereni kubwa kama vitasa vya mlango. Mume, yaani mimi, amebeba sanduku. Kwenye karatasi mke alikuwa na neno moja tu: nenda. Malkia akalisema vizuri, kwa uchungu wake wote. Lakini yule mama wa kwenye kioo hakufunga mdomo. Aliyeandika Kiingereza alisinzia, sijui, maana mama aliendelea kusema, na kusema, na karatasi nyeupe kama shuka.

Pete ikagonga kioo. Malkia akanitazama. Nikamnong'oneza yaliyonijia, naye akayarudia palepale, chozi likining'inia sautini:

"Nenda. Lakini pasi niachie. Kesho nina shati la mtu."

Yakaenea kwenye midomo ile kama soli kwenye kiatu. Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Tajiri mwenye watumishi mlangoni, anaachwa na mume, anadai pasi! "Msiguse," alisema. "Iacheni hivyohivyo."

Maneno yale hayakudondoka kutoka mbinguni. Nilikuwa mtoto, naishi kwa dada kwa sababu mama alikuwa ameshatutoka, na nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango siku shemeji alipofunga sanduku. Alikuwa anabeba kila chenye waya: redio, feni, taa ya mezani. Dada hakulia wala hakumshika shati. Alisema hayo tu, kwa sauti ya mtu anayemwomba jirani chumvi. Shemeji akaitazama pasi, akautazama mlango, akaiweka chini. Tulioyasikia maneno yale duniani tulikuwa watatu, na mmoja wetu aliondoka na sanduku.

Sasa wakayasikia wote wenye televisheni.

Sijui kama umewahi kuona neno likitoroka. Haliagi. Kwanza nililikuta nyuma ya pikipiki, limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mpira wa kuzuia matope: PASI NIACHIE. Kisha mchezaji akatolewa uwanjani anachechemea, na jukwaa zima likamwimbia. Benki nilimsikia mlinzi akimwambia mwenzake anayemaliza zamu: "Nenda, lakini pasi niachie." Hawakuwa hata na pasi. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natembea kifua mbele kama jogoo aliyesikia jua limechomoza kwa ajili yake.

Nikaenda dukani kwa dada nikitegemea sifa. Nilikuta televisheni imegeuziwa ukuta.

"Dada, shikamoo."

"Karibu, mteja," akasema. "Umeleta nguo au umekuja kuchukua?"

Nikacheka. Hakucheka. Tangu utotoni ameniita Kitinda, kwa kuwa mimi ndiye kitindamimba, yeye wa kwanza na mimi wa mwisho. Kwa jina hilo nilikemewa, nililishwa na kufunikwa shuka. Siku ile aliliweka mahali nisipopaona, akanipa la mteja, kwa adabu zote, pamoja na karibu na asante.

Mtu akikutukana unajua pa kushika. Adabu haina mpini.

Nilimwomba radhi palepale, na siku iliyofuata, na kwa simu, na kupitia dirishani. Kila mara jibu lilikuwa la kaunta: "Tumekusikia, mteja. Kuna lingine?" Nikafikiri, labda radhi tupu haitoshi, mtu ukivunja chungu chake unaleta chungu. Nikaenda kununua pasi mpya, ya mvuke, yenye vitufe kama rubani ndiye atakayeitumia. Niliiweka kaunta ikiwa na utepe.

Dada aliigeuza, akaikagua chini, akaipima uzito kwa mkono.

"Imeharibika wapi?"

"Haijaharibika, dada. Ni zawadi yako."

"Maana hapa hatutengenezi pasi, mteja. Tunapiga." Akaniandikia namba kwenye kitambaa, akaibana kwenye utepe kwa pini, akaipandisha rafu ya nguo zilizosahauliwa na wenyewe. Mpaka leo iko huko, kati ya joho la mhitimu na kaptula ya mtu aliyehama.

Nikamtuma mjomba. Mjomba ana ulimi wa asali. Amewahi kuwapatanisha mbwa na mfupa. Tatizo ni kwamba sikuweza kumweleza kosa lenyewe, kwa sababu kulieleza kungekuwa kulirudia. Nikamwambia tu, "Dada amenikasirikia, nenda uniombee." Akaenda. Alirudi uso umemshuka.

"Mambo yalikwenda vizuri, mpwa wangu. Alinipa chai. Alinisikiliza. Akaanza hata kukutaja kwa uzuri, kwamba ulikuwa mtoto mwenye huruma, uliwahi kumlilia kuku."

"Kisha?"

"Kisha nikasimama kuaga. Mwanangu, na mimi mtu wa mzaha, nikasema naondoka, lakini pasi..."

"Mjomba!"

"Sikuimaliza! Uso wake ulinimalizia. Kwani kuna nini na hiyo pasi? Mbona dunia nzima inasema?"

Nilishika kichwa. Nilikuwa nimejipalia makaa, na kila niliyemwita kuyazima alikuja na upepo.

Sasa, ukidhani hayo yanatosha, hujafanya kazi studio. Karatasi za sehemu ya mwisho zikafika. Mume anarudi. Kachoka, kakonda, sanduku ni lilelile. Anasimama chini ya zile ngazi za marumaru, mke juu, na anasema maneno matatu ya Kiingereza: "Let me atone."

Maneno matatu, na kwenye kioo mdomo wake unafunguka mara moja tu, kwa ufupi, kisha unafungwa na kubaki umefungwa wakati muziki unapanda. Hakuna pa kujaza. Ukizidisha kidogo, mtu anaongea kwa pua.

"Nisamehe," akasema Malkia. "Fupi, tamu, twendeni nyumbani."

"Nisamehe ni kumwomba yeye afanye kazi," nikasema. "Huyu anasema atafanya mwenyewe. Anataka kulitengeneza alilolivunja."

"Basi nitubu."

"Atubu kwa nani? Padri yuko wapi kwenye hizo ngazi?"

Mkuu akasema kutoka dirishani: "Nikufidie."

"Mkuu, hiyo ni ya mtu aliyegonga mbuzi wa watu kwa gari."

"Tupatane."

"Hiyo ni bei ya nyanya."

Nilileta kamusi zote za studio, mpaka ile kubwa tunayowekea mlango usijifunge. Ya kwanza ilisema kutubu, ya pili kufidia, ya tatu kulipia kosa. Ile kubwa ikaongeza kwamba hapo zamani, kwa Waingereza wenyewe, neno lilikuwa na maana ya watu waliotengana kurudi kuwa kitu kimoja. Nikabaki nautazama ukurasa ule kama mtu aliyetumiwa barua isiyo yake. Neno moja limebeba majuto, limebeba malipo, limebeba kazi ya kurekebisha, na mwisho wa safari linawafikisha watu wawili kwenye mkeka mmoja. Sisi kila mzigo tumeupa punda wake. Na mimi punda wote nilishawapeleka dukani kwa dada, mmoja mmoja, na wote walirudishwa na namba shingoni.

"Mbona umekaza shingo hivyo?" akauliza Malkia. "Ni tamthilia tu, baba. Sema nisamehe, watu wale, walale."

"Halitoshi."

"Halitoshi kwa nani?"

Mkuu alinipa mpaka kesho yake. Alisema nikirudi bila neno atamfanya mume akohoe.

Ndiyo siku yenyewe ile. Niliamka na wazo, na mjinga akiamka na wazo heri angeamka na homa. Nikasema: nitamwendea dada kikazi. Nitamuuliza tu, kama mtu wa fani anavyouliza, mwanaume aliyekosa akirudi mlangoni aseme neno gani. Atakapolitaja, nitakuwa nimepata neno la studio na neno langu kwa pamoja. Ndege wawili, tena ndege wenyewe wanielekeze jiwe lilipo.

Nilimkuta anapiga shati jeupe la mikono mirefu. Televisheni bado imetazama ukuta, ila alikuwa ameiwasha. Ilikuwa ikisemesha rangi ya chokaa.

"Karibu, mteja."

"Sina nguo leo. Nina swali la kazi."

Nikamweleza. Nilimweleza ngazi, sanduku, mdomo unaofunguka mara moja. Nilimweleza nisamehe na nitubu na mbuzi aliyegongwa. Kwenye mbuzi niliona shavu lake likicheza, naapa. Aliupitisha mkono wa shati chini ya pasi, akaugeuza, akaupitisha tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu televisheni ilipogeuzwa: alisukuma kigoda kwa mguu kikanijia upande wa ndani wa kaunta.

"Kaa. Unanikingia mwanga."

Nikakaa. Nilikaa kwa uangalifu, kama mtu aliyekalia yai.

"Huyo mume," akasema, bila kuinua macho, "kwani ni lazima aseme?"

"Mdomo unafunguka, dada."

"Ufunguke. Wangapi wanafungua mdomo na hakitoki kitu? Mwache apande hizo ngazi kwanza. Akifika juu, mke atajua kama kaja kusema au kaja kukaa."

Nilitaka kumwambia kwamba mwiko wa kazi yetu hauruhusu, lakini kwa mara ya kwanza nilinyamaza. Alikuwa anazungumza nami. Si na mteja, na mimi. Alinyanyua shati akalitikisa, akaniuliza kama kazini nakula vizuri, maana shingo yangu imekuwa kama ya kuku aliyenyeshewa. Nikahisi jina langu linakaribia. Niliweza karibu kuliona, limekaa ncha ya ulimi wake, linavaa viatu.

Na hapo ndipo alipoingia mteja wa suti.

Mtu mnene, mchangamfu, kibandiko cha namba mkononi. Dada akampa suti yake ndani ya mfuko, naye akaishika begani kwa kidole, akafika mlangoni, akageuka. Akaitazama pasi ya dada. Niliona wazo likimwingia usoni kama mwanga wa taa, na nikaomba lisitoke.

"Haya mama dobi," akasema, mkono kifuani, sauti ya Malkia kabisa, "nakwenda mimi. Lakini pasi, nakuachia!"

Nikacheka.

Sikukusudia. Kuna kicheko cha furaha na kuna kicheko cha fani. Seremala akiona kiungo kilichokaa vizuri hutikisa kichwa hata kama meza ni ya adui yake. Yule bwana alikuwa ameligeuza neno upande wa pili, akalitua palepale panapotakiwa, kwa dobi, mlangoni. Kilinitoka kicheko cha tumbo.

Kama ningeishia hapo! Lakini yeye akapata moyo. "Lile neno, jamani! Nyumbani kwangu hakuna anayetoka bila kuambiwa. Aliyelitunga apewe nishani."

"Basi nivishe mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Ndiyo mimi. Ndiyo kazi yangu."

Akarudi kunishika mkono. Alinitikisa mpaka bega. "Wewe bwana! Uliyatoa wapi maneno kama yale?"

Nikasema, na nilipokuwa nasema niliona pasi ya dada imesimama katikati ya shati:

"Yalinijia tu."

Mteja akaondoka anacheka, suti ikicheza nyuma yake. Dukani palibaki mvuke. Dada aliinua pasi kabla kitambaa hakijaungua, akaisimamisha wima. Akakivuta kigoda. Nilikuwa bado nimekikalia, kwa hiyo nilisimama.

"Yalikujia tu," akasema.

"Dada, nilikuwa..."

"Yalipita njia, yakakuona umekaa, yakakujia."

"Ningesema nini? Ningemwambia ni yako? Ungetaka nikutaje mbele ya mtu mwenye suti?"

"Una namba, mteja? Kama huna namba, kuna watu nyuma yako."

Hapakuwa na mtu nyuma yangu. Palikuwa na mlango, na nje ya mlango jua, na mwanamke muuza vitana anayejifanya hatutazami. Ndipo nilipochemka. Siku zote hizo nilikuwa nimeinamisha shingo, na shingo nayo ina kikomo chake.

"Nimechoka, dada!" nikasema, na sauti niliyoitumia ilikuwa ya mume wa kwenye tamthilia, sina nyingine kubwa. "Nimekuomba radhi mpaka midomo imekauka. Nimekuletea pasi, umeibandika namba. Nimemtuma mjomba, amerudi amevunjika. Waingereza wana neno moja tu kwa kazi yote hiyo, na mimi nimeifanya kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, na hakuna kipande ulichopokea! Unataka niwaendee wote waliosikia, nyumba kwa nyumba, niwaambie wasahau? Sikukusudia kukudhalilisha. Mdomo ulikuwa unakwenda bure, nikajaza! Hakuna anayejua kama ni wewe uliyesema. Hakuna aliyekucheka wewe. Wanamcheka tajiri mwenye hereni. Hiki kinyongo chote ni cha nini? Ni maneno tu!"

Nilipomaliza nilikuwa nahema. Muuza vitana alikuwa ameacha kujifanya hatutazami.

Dada alilikunja shati, kifungo juu ya kifungo, akalilaza kwenye rundo. Kisha akanitazama, sasa si kwa macho ya kaunta.

"Maneno tu, Kitinda? Kwa maneno hayo pasi ilibaki. Na pasi hiyo ndiyo iliyokupeleka shule, ukasoma hicho Kiingereza ambacho leo kinakushinda."